Siku nne nilizomficha nesi

Jumatano usiku nilikwenda chooni mara tano. Alhamisi mara saba. Ijumaa niliacha kuhesabu, nikachukua mto na kanga nikalala koridoni, karibu na mlango wa choo, nisije nikamwamsha mume wangu kila nikiinuka. Ilikuwa Januari 2025, baridi ya Uingereza inapenya mpaka kwenye zulia. Jikoni, kwenye mlango wa friji, ilikuwepo kadi niliyopewa na nesi siku ya dripu ya kwanza. Imeandikwa kwamba mwenye kadi hii anatumia dawa za kuchochea kinga ya mwili, na chini yake namba ya simu inayopokewa usiku na mchana. Nesi alinieleza taratibu, akarudia: ukienda choo mara nne zaidi ya kawaida yako kwa siku moja, piga. Usingoje kupambazuke. Niliitikia, nikamshukuru.

Sikupiga. Jumamosi nayo ikapita.

Watu wengi wananiandikia kuuliza habari za matibabu haya ya kansa, baadhi yao wana mgonjwa ndani, na swali linalorudi kila mara ni hili: "Dada, dozi umemaliza?" Ndiyo maana nimekaa kuandika. Hilo neno la kumaliza dozi lilikaribia kuniua.

Mimi mtu wa Tanga, Ngamiani, niko Reading, hapa Uingereza, mwaka wa 19 sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea: kuwaogesha, kuwageuza, kuwavisha, kuwalisha. Ni kazi ya kusimama kutwa. Kwa hiyo katikati ya 2023 lilipotokea doa jeusi chini ya kisigino cha kushoto nilidhani ni damu iliyovilia kwa sababu ya viatu. Likawa gumu, likapasuka, likaanza kutoa maji. Kwenye zahanati ya mtaani waliniambia ni sunzua, nikapewa dawa ya kupaka. Niliporudi wakasema ni sugu iliyoingia vijidudu, nikapewa vidonge. Miezi 11 ikaenda hivyo. Aliyelishtukia ni bwana mmoja anayekuja kazini kwetu kuwakata wazee kucha na kuwaangalia miguu. Siku hiyo amemaliza, anafunga mkoba wake, nikamwomba anitupie jicho mara moja. Nikavua soksi. Alivaa glovu upya, akaushika mguu, akanyamaza. Kisha akaniuliza lina muda gani, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mguu ule niliutawadha mara tano kwa siku. Maji yalipita juu ya lile doa kila sala kwa karibu mwaka mzima, na mimi sikuwahi kuugeuza unyayo nikautazama kwenye mwanga.

Nilijua kansa ya ngozi ni ya Wazungu waliojichoma jua ufukweni, na ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao nyumbani tunawaona wakihangaika na vidonda vya uso na masikio. Yangu inaitwa melanoma, kansa ya seli za rangi ya ngozi, na ya aina yangu haina habari na jua. Hii huota nyayoni, viganjani na chini ya kucha, na sisi watu weusi tukipata melanoma, mara nyingi huwa ni ya sehemu hizo. Bob Marley alikufa kwayo, tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Nimesikiliza nyimbo zake tangu utotoni, na hilo sikuwahi kulijua mpaka ugonjwa uliponikuta. Basi nakuomba, leo ukioga, kaa chini utazame nyayo zako. Watazame na watoto. Mwangalie na mama yako, maana yeye hawezi kujikunja akaona. Doa jeusi lisilo na mwenzake, linalokua, au mstari mweusi kwenye ukucha unaozidi kupanuka, usikubali kuambiwa ni sunzua bila kukatwa kinyama kikapimwe.

Agosti 2024 walinikata kisigino, wakaziba kwa ngozi ya paja. Kwenye kinena nilikuwa na mtoki. Kwetu mtoki ni jambo dogo, mtoto akijikata mguu huvimba mtoki, bibi humkanda kwa maji ya moto, yakaisha. Wangu ulikuwa ni ugonjwa wenyewe umepanda. Kipimo cha CT kikaonyesha vidoa kwenye mapafu yote mawili na kimoja kwenye ini. Hatua ya nne. Daktari alisema pia kwamba wameupima uvimbe wakakosa badiliko la jeni iitwayo BRAF, kwa hiyo vile vidonge wanavyotumia wagonjwa wengine wa melanoma havinihusu. Ilibaki tiba ya kinga.

Usiku ule nilimpigia mama. Nilijaribu kumweleza dawa yenyewe inavyofanya kazi, nikakosa maneno, mwisho nikasema: Mama, mwilini kuna sungusungu. Wanazunguka usiku kucha wakimuuliza kila mtu kitambulisho. Kansa imejifanya mwenyeji, tena imewaonyesha amri ya kuwazuia, basi wanaipita mlangoni. Dawa hii inaichana ile amri. Sungusungu wanaachiwa kuingia.

Mama akafikiri kidogo. "Na wakikosea nyumba?"

Ana miaka 78, hakupita darasa la nne, na aliuliza swali lilelile ambalo madaktari waliniandikia kurasa nne za karatasi kulijibu. Amri zinazochanwa na dawa zangu ni mbili, zinaitwa CTLA-4 na PD-1, na waliogundua kwamba kuzizuia kunaweza kutibu kansa, Mmarekani James Allison na Mjapani Tasuku Honjo, walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2018. Dawa iitwayo ipilimumab inachana amri ya kwanza, nyingine iitwayo nivolumab inachana ya pili.

Hapo ndipo ulipokuja uamuzi wa kwanza: nivolumab peke yake, au zote mbili pamoja. Daktari aligeuza karatasi akaandika tarakimu kwa kalamu. Katika utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa miaka 10, waliopewa zote mbili, 43 kati ya 100 walikuwa hai. Waliopewa nivolumab tu, 37. Waliopewa ipilimumab tu, 19. Akashuka mstari mwingine: waliopatwa na madhara makali, kwa zote mbili 59 kati ya 100, kwa nivolumab tu, karibu robo. Kisha akaweka kalamu chini akaniambia jambo ambalo nitamheshimu kwalo daima. Alisema wagonjwa wengi wa utafiti ule hawakuwa na melanoma ya aina yangu, na ya nyayoni huitikia dawa hizi kwa udhaifu zaidi. Hakutaka nizibebe zile tarakimu nyumbani kama ahadi.

Mume wangu alitaka dawa moja. Alisema, una nguvu za kuumwa mara moja, usijiongezee. Mimi nilitazama lile doa la ini. Nilikuwa na kijana wa miaka 14 ambaye alikuwa ameanza kunyanyuka usiku kuja kusimama mlangoni mwa chumba chetu asikilize kama napumua. Nilichagua zote mbili. Tulinuniana siku mbili na mwenzangu, siku ya tatu akaja na kikapu cha chupa za uji na blanketi, akasema twende.

Mpango ulikuwa dripu nne za mchanganyiko, kila baada ya wiki tatu, halafu nivolumab peke yake kila mwezi. Dripu ya kwanza, mwezi wa Novemba, haikunifanya kitu. Baada ya pili mwili uliwasha, na damu ikaonyesha tezi ya shingo imeshambuliwa. Tangu hapo nameza kidonge kimoja kila alfajiri na nitakimeza maisha. Hilo halikunishtua. Mume wangu naye alikuwa amejishikiza kwa Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, ambaye mwaka 2015 melanoma ilimfika ini na ubongo, akatibiwa kwa dawa ya ukoo huuhuu pamoja na upasuaji na mionzi, akaendelea kuishi. Kila nikilegea alikuwa ananitajia miaka ya yule mzee. Desemba 29, 2024, Carter akafariki, umri miaka 100. Kesho yake mimi nikaingia kwenye dripu ya tatu, na mume wangu kwenye kiti cha pembeni anajifuta macho kana kwamba kafiwa na babu yake mzaa mama.

Ile ya tatu ndiyo iliyonipeleka koridoni.

Sasa nieleze zile siku nne. Nimekulia Tanzania. Ukutani zahanati, redioni, shuleni, tumeimbiwa: maliza dozi. Ukiacha dawa ya malaria katikati, malaria inarudi. Ukikatisha dawa za kifua kikuu, kinageuka sugu, na utawaambukiza wanao. Babu yangu alikufa kwa kifua kikuu na nyumbani ilisemwa wazi kwamba alikufa kwa sababu aliacha vidonge mwezi wa tatu. Mimi niliambiwa dripu nne. Nimepata tatu. Kwenye chumba cha kusubiri nilikuwa nimezoeana na mama mmoja wa Kipolandi, naye walikuwa wamemsimamisha kwa sababu ya ini kuvimba, nikamwona analia. Kichwani kwangu hesabu ikawa rahisi: nikisema naharisha, watanikatia dawa, nikikatiwa dawa, nitakufa. Basi nikajaza ndoo ya maji ya chumvi na sukari kama tunavyowafanyia watoto, nikawa nakunywa na kukaa kimya. Nesi mwenyewe alinipigia Ijumaa kunijulia hali. Nikamwambia ni uchovu tu.

Nilimdanganya mtu aliyekuwa ananitafuta anisaidie. Bado linaniuma.

Jumapili alfajiri mume wangu aliniona nimekaa sakafuni na akaona damu. Hakuniuliza neno. Alikwenda kwenye friji, akasoma kadi, akapiga.

Wodini waliniwekea dripu ya steroidi, dawa ya kushusha kinga, wakaniingiza kamera, utumbo mpana wote umevimba na kuchubuka. Siku tatu zikapita bila nafuu. Hatua iliyofuata ilikuwa dawa iitwayo infliximab ya kuwatuliza wale walinzi, lakini kabla yake ni lazima wajue kama kuna kifua kikuu kilicholala mwilini au homa ya ini B, kwa sababu ikipewa mtu mwenye navyo inaviamsha. Natoka Tanga, babu yangu alikuwa nacho, nimelala naye chumba kimoja. Kusubiri lile jibu la damu ndiyo saa ndefu kuliko zote nilizopitia katika ugonjwa huu, ndefu kuliko hata siku ya kuambiwa hatua ya nne. Jibu likaja safi. Walinipa jioni, na usiku wa pili yake nililala mpaka adhana ya simu.

Daktari wa zamu alinieleza kwamba utumbo ulio vile ukiachwa unaweza kutoboka.

Nesi wangu alikuja kesho yake, akavuta kiti. Nilitegemea anikemee. Akaniuliza tu, "Ulikuwa unajua?" Nikasema nilijua. Akaniuliza kwa nini, na nikamsimulia habari za babu, redio, maliza dozi. Alisikiliza yote. Kisha akaniambia kwamba dawa hizi haziendi kama za vijidudu. Kazi yake ni kuwaamsha askari. Wakishaamka, wanaweza kuendelea na lindo hata dawa ikikoma. Wapo wagonjwa wengi wa mchanganyiko huu waliosimamishwa mapema kwa sababu ya madhara, na walipofuatiliwa walionekana kuishi karibu sawa na walioendelea. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilimwuliza mbona hakuniambia siku ya kwanza, akanyamaza, akasema, "Ningepaswa kukuambia." Tangu siku hiyo namwamini zaidi.

Dripu ya nne haikutolewa. Nilirudi nyumbani na vidonge vya steroidi vya kupunguza kidogokidogo kwa wiki kadhaa, uso umevimba kama mwezi, usingizi hakuna, njaa ya ajabu. Ramadhani ikaingia mwanzoni mwa Machi, sikufunga hata siku moja. Nilikaa jikoni mchana nakula uji wa mchele huku mwanangu amefunga, na hilo nalo lilihitaji moyo.

Kuna mambo mawili ambayo sikuona Mzungu yeyote ameyaandika, kwa hiyo nayasema mimi. Kwa kuwa steroidi nyingi hushusha kinga, walinipa Septrini kila siku ili kuzuia nimonia. Wifi yangu alikuja kunitazama, akaona boksi. Hakusema kitu pale. Wiki moja baadaye shangazi Tanga akamfuata mama kwa sauti ya chini kumuuliza kama nina "ule ugonjwa". Nilimpigia shangazi mwenyewe, nikamweleza Septrini ni ya nini, na nikamwambia pia kwamba wenye ule ugonjwa ni watu kama sisi na wanaishi kwa dawa zao. Ukiwa na mgonjwa wa hivi, waeleze ndugu mapema, kabla boksi halijawaeleza.

La pili ni mabaka. Mwezi wa nne ngozi ilianza kupotea rangi, kwanza kuzunguka macho, halafu migongo ya mikono, na kope za jicho la kulia zikawa nyeupe. Katika harusi moja London nilisikia nyuma yangu, kwa Kiswahili fasaha kabisa, "Huyo kajichubua, ona mkorogo ulivyomharibu." Niligeuka nikawaangalia. Nilikuwa nimejiandaa miezi kwa maumivu ya kila aina, na lile sikulitegemea. Lakini daktari wangu, alipoyaona mabaka, alitabasamu. Alisema walinzi wanaoshambulia seli za rangi ya ngozi ni walewale wanaoshambulia melanoma, kwa sababu melanoma imetokana na seli hizo, na wenye mabaka mara nyingi ndio ambao dawa imewakubali. Nilitoka pale nikanunua wanja. Napaka kope zote mbili zilingane, na mikono naiacha watu waione.

Kipimo cha mwishoni mwa Aprili: doa la ini halikuonekana tena. Kwenye mapafu vilibaki viwili, vimesinyaa.

Uamuzi uliofuata ulikuwa mgumu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunisukuma. Ningeweza kuanza nivolumab peke yake, maana utumbo mara nyingi huchafuliwa zaidi na ile ipilimumab. Au ningeweza kukaa bila dawa na kupimwa kila miezi mitatu. Daktari alisema njia zote mbili angeziunga mkono. Nilikaa nayo wiki mbili. Nilijiuliza nataka nini, nikaona nataka kurudi kazini, nataka kula maharage, nataka kijana wangu alale. Nikachagua kukaa.

Kumwambia mama kulikuwa kazi. Nilisema "nimesimamisha dawa", akasikia "nimekata tamaa". Akaanza kulia kwenye simu. Wiki ileile akampa mtu anayesafiri kifurushi: habasoda, na majani ya mwarobaini yaliyosagwa. Habasoda nanyunyiza kwenye mkate. Mwarobaini nilimuuliza mfamasia wa hospitali, akasema nisiunywe, kwa kuwa ini likionyesha kasoro hawatajua ni mti au ni dawa yao. Nilimweleza mama hivyo hivyo, nikamrudisha kwa sungusungu wake. "Hujawafukuza?" akauliza. Nikamwambia hapana, Mama, nimeacha tu kuwapa posho, lindo wanaliendeleza wenyewe. Akanyamaza. "Haya. Lakini nyumba ile waliyoikosea, wamekwishaomba radhi?" Nikamwambia tumbo limepona.

Mara nyingi usiku nafikiria mtu wa Tanga mwenye kisigino kama changu. Atasafiri hadi Dar es Salaam, hospitali ya kansa ya Ocean Road, atapata watu wanaojua kazi, atakatwa, pengine atapata mionzi. Dawa hizi mbili, kama ningetakiwa kuzinunua, nyumba ya Ngamiani ingeuzwa na isitoshe. Hapa nimepewa bila kulipa hata senti mlangoni. Sijui la kufanya na jambo hili zaidi ya kulisema, na kuendelea kuwaambia watu watazame nyayo mapema, wakati kisu peke yake bado kinatosha.

Julai kipimo kilikuwa tulivu. Oktoba pia. Januari mwaka huu, 2026, doa moja la pafu la kulia limetoka milimita 6 kufika 9. Lingine halijasogea. Wiki iliyopita tulikaa na daktari, mume wangu, na safari hii na kijana wetu, maana ametimiza 15 na aliomba. Wanaweza kulipiga lile doa kwa mionzi ya kulenga. Naweza kuanza nivolumab. Naweza kufanya vyote viwili. Mwanangu ndiye aliyeuliza, "Na tumbo likirudi?" Daktari alimjibu kama mtu mzima: linaweza kurudi, uwezekano ni mdogo kuliko safari ile, na likirudi tutalikamata mapema kama mama yako atatuambia. Wote watatu wakanigeukia.

Nimeamua vyote viwili, ila nimeomba wiki tatu kwanza. Nakwenda Tanga. Nataka mama ayaone mabaka haya kwa macho yake, ashike kisigino, na nataka kumtazama nyayo zake mchana, uani, penye mwanga. Nikirudi naanza.

Kadi nimeibandua kwenye friji jana. Nimeibandika ndani ya mlango wa choo, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na mwanangu ameikolezea namba ya simu kwa kalamu nyekundu.